Bondia Mdogo Mbele ya Mkubwa Mwenye Ujuzi: Somo la Fizikia Ulingoni

Kutoka Handeni hadi Korogwe si safari ndefu, lakini sehemu hizo mbili hazifanani. Handeni ni nchi ya Wazigua, kavu kiasi, yenye mahindi na mifugo; Korogwe imelala kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, katikati ya mashamba ya katani. Mwaka 1996, nikiwa na umri wa miaka 15, nilisafiri njia hiyo nyuma ya lori pamoja na vijana wenzangu wa Handeni kwenda kupigana ngumi za kirafiki na vijana wa Korogwe. Ulingo ulikuwa uwanja wa mchanga, nguzo nne, na kamba za katani. Wapinzani walipangwa kwa kuangaliwa kwa macho tu. Mimi nilipewa kijana aliyenizidi kichwa kizima kwa urefu, na, kilichokuwa kibaya zaidi, alikuwa bondia hodari.

Aliyetufundisha aliniambia neno moja tu: nijipige moyo konde. Nilijipiga moyo konde, naye yule kijana akanipiga makonde ya kweli. Katika raundi ya pili nilianguka, na kwa siku tatu baadaye sikuweza kusoma ukurasa mzima bila kichwa kuniuma.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika mekanika ugenini, swali la siku ile lilinirudia. Je, mtu mdogo anaweza kumshinda mkubwa ambaye pia ana ujuzi? Kama anaweza, ni kwa njia gani? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kutumia fizikia na biolojia ambazo kila mwanafunzi wa sekondari anazijua. Jibu, kwa kifupi, ni hili: mdogo hashindi kwa kutafuta nguvu za kulingana na za mkubwa. Hushinda kwa kutawala umbali na wakati. Ushujaa ni wa lazima, lakini ushujaa pekee humsogeza mtu mahali pale pale anapopigwa.

KANDA TATU ZA ULINGO

Hebu tuchukue mabondia wawili. Mkono wa yule mrefu, kuanzia bega hadi ngumi, una urefu wa sentimeta 78. Wa yule mfupi una sentimeta 70. Tofauti ni sentimeta 8 tu, pungufu ya upana wa kiganja. Hata hivyo sentimeta hizo 8 zinaugawa ulingo katika kanda tatu.

Ukanda wa kwanza ni ule wa mbali, ambako hakuna awezaye kumfikia mwenzake. Ukanda wa pili ni ule wa kati, wenye upana wa sentimeta 8: hapo mrefu anampiga mfupi, lakini mfupi hamfikii mrefu. Ukanda wa tatu ni wa karibu, ambako wote wawili wanafikiana.

Bondia mrefu mwenye ujuzi hufanya kila awezalo ili pambano lote lifanyike katika ukanda wa pili. Ngumi yake ya mbele, ile inayokwenda moja kwa moja, huitumia kama fimbo ya kumpimia mpinzani na kumzuia. Bondia mfupi asiye na mafunzo, kwa kuogopa kupigwa, husimama nusu njia: haendi mbali, wala haingii ndani. Kwa maneno mengine, anasimama hasa pale ambapo mpinzani wake anataka asimame. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi Korogwe.

Kanuni ya kwanza, basi, ni rahisi kuitamka ingawa ni ngumu kuitekeleza: mfupi awe mbali kabisa, au awe karibu kabisa. Ukanda wa kati ni wa kuvuka tu, kama mtu avukavyo barabara kuu.

Kwa nini karibu ni pazuri kwa mfupi? Kwa sababu ngumi hupata mwendo wake kidogo kidogo kadiri inavyosafiri. Tukichukulia kwamba kani ya msuli ni ile ile njia nzima, nishati mwendo ya ngumi ni sawa na kani hiyo mara umbali uliosukumwa. Ngumi inayokutana na shabaha ikiwa imekwenda nusu tu ya njia yake itakuwa na nusu tu ya nishati. Mkono mrefu uliobanwa kifuani na mpinzani aliye karibu hauna nafasi ya kunyooka. Mkono mfupi uliokunjwa kwenye kiwiko, ukisukumwa na mzunguko wa kiuno na miguu, una nafasi ya kutosha.

MUDA WA KUITIKIA

Msomaji atauliza: mfupi atauvukaje ukanda wa kati bila kupigwa? Hebu tufanye hesabu. Mtu anayesogea kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde huvuka sentimeta 8 kwa sekunde 0.04. Macho na ubongo wa mpinzani huhitaji kiasi cha sekunde 0.2 kuona jambo na kuanza kuitikia. Ngumi inayokwenda kwa wastani wa mita 5 kwa sekunde huhitaji sekunde 0.14 nyingine kusafiri sentimeta 70. Jumla ni sekunde 0.34. Kwa hesabu hii, mfupi angekuwa amekwisha kuingia ndani zamani kabla ngumi haijafika.

Lakini sote tumeona kwamba hupigwa njiani. Kosa la hesabu liko wapi?

Liko katika kudhani kwamba bondia mwenye ujuzi husubiri hadi mwenzake aanze kusogea. Hasubiri. Yeye husoma dalili zinazotangulia: bega linaloshuka, uzito unaohamia mguu wa nyuma, pumzi inayovutwa, macho yanayokaza. Aidha, hushika mapigo ya mwendo wa mpinzani. Ukishambulia kila baada ya hatua mbili, atajua kwamba baada ya hatua ya pili utakuja, na ngumi yake itakuwa imekwisha kuondoka. Ujuzi, kwa lugha ya sayansi, kwa sehemu kubwa ni uwezo wa kutambua mapema. Mikono yake si lazima iwe na kasi kuliko yako. Ameanza kabla yako tu.

Hapo ndipo ilipo dawa yake. Kama ujuzi ni kusoma dalili, basi dalili ziharibiwe. Bondia mdogo huzuga: hushusha bega bila kushambulia, huanza hatua na kuikatiza, hutazama tumbo kisha hupiga kichwa. Kila dalili ya uongo humlazimisha mpinzani achague kati ya mambo mawili au matatu, na kuchagua kunachukua muda. Jambo hili si la kukisia. Mwaka 1868 mwanasayansi wa Uholanzi, F. C. Donders, alionyesha kwamba mtu anayelazimika kuchagua kati ya majibu mawili hukawia kuliko yule mwenye jibu moja tu. Mwaka 1952 W. E. Hick wa Cambridge, Uingereza, alionyesha namna muda huo unavyoongezeka kadiri chaguo zinavyoongezeka.

Mwalimu anaweza kulithibitisha hili darasani kwa rula mbili za mita moja, bila gharama yoyote.

Zoezi la kwanza. Mwanafunzi A ashike rula moja wima kwa juu. Mwanafunzi B aweke kidole gumba na kidole cha shahada kwenye alama ya sifuri bila kuigusa rula. A aiachie bila taarifa, B aidake. Umbali ulioanguka unatupatia muda: gawanya mara mbili ya umbali huo (kwa mita) kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Sentimeta 15 ni sekunde 0.17, sentimeta 20 ni sekunde 0.20, sentimeta 30 ni sekunde 0.25, sentimeta 40 ni sekunde 0.29. Rudieni mara kumi na kutafuta wastani.

Zoezi la pili. Sasa A ashike rula mbili, moja kwa kila mkono, na B aweke vidole vya mkono wa kulia kwenye moja na vya kushoto kwenye nyingine. A aachie moja tu, bila B kujua ni ipi. B aidake hiyo tu, na asibane mkono mwingine. Linganisheni wastani. Tofauti mtakayoipata ndiyo zawadi ambayo bondia mdogo huitafuta anapozuga.

MIENDO INAYOJUMLISHWA

Kila anayepita njia panda ya Segera anajua kwamba malori mawili yakigongana uso kwa uso madhara yake ni makubwa kuliko lori moja likiligonga jingine kwa nyuma. Miendo inayokabiliana hujumlishwa, inayofuatana hutolewa. Ngumi nazo zinafuata kanuni hiyo hiyo.

Tuseme ngumi inakwenda kwa mita 8 kwa sekunde. Kichwa kikiijia kwa mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mgongano ni mita 10. Kichwa kikirudi nyuma kwa mita 2, mwendo huo ni mita 6. Kwa kuwa nishati hufuata mraba wa mwendo, tunalinganisha 100 na 36: ngumi ile ile, ya mtu yule yule, ina nishati ya mgongano karibu mara tatu zaidi katika hali ya kwanza.

Kwa mdogo, hesabu hii ina pande mbili. Upande mmoja ni onyo: anayemrukia mkubwa moja kwa moja na kichwa mbele anaiongezea nguvu ngumi ya mkubwa kwa mwendo wake mwenyewe. Upande wa pili ni silaha: mkubwa anapokuja mbele kupiga, yeye ndiye anayeleta mwendo. Mdogo anayekwepa nusu hatua pembeni na kupiga wakati ule ule anatumia tungamo la mpinzani kama sehemu ya ngumi yake. Ndiyo maana mabondia wadogo waliofanikiwa hupiga sana wakati mpinzani anapopiga, au mara tu mkono wake mrefu unapoanza kurudi. Mkono mrefu una safari ndefu ya kurudi nyumbani, na wakati uko njiani, taya na mbavu za upande ule hazina mlinzi.

Pembeni, nimesema, si nyuma. Anayerudi nyuma kwa mstari mnyoofu anabaki kwenye njia ya ngumi, na kamba zinamsubiri. Anayekwenda pembeni anamlazimisha mkubwa ageuze mwili mzima kabla ya kupiga tena.

GHARAMA YA UKUBWA

Ukubwa una faida zake, lakini una gharama pia. Fikiria watu wawili wenye umbo la kufanana kabisa, mmoja akiwa mrefu kwa asilimia 10 zaidi. Nguvu ya msuli hutegemea eneo la mkato wake, nalo litakuwa kubwa mara 1.21. Uzito hutegemea ujazo, nao utakuwa mara 1.33. Mkubwa basi ana nguvu zaidi kwa jumla, na ngumi yake itauma zaidi. Lakini kwa kila kilo anayoibeba ana nguvu pungufu. Kuanza kukimbia, kusimama ghafla na kugeuka humgharimu zaidi. Vilevile ngozi ambayo hutoa joto huongezeka kwa 1.21 tu, wakati mwili unaozalisha joto umeongezeka kwa 1.33. Watu wa kweli hawafanani kwa usahihi huo, lakini mwelekeo ndio huo.

Kwa hiyo mdogo ana sababu ya kumfanya mkubwa ageuke mara nyingi, apige hewa mara nyingi, na abebe uzito wake kwa raundi nyingi. Ngumi za mbavu na za tumbo nazo zina kazi: humwondolea pumzi, na humlazimisha ashushe viwiko, na kichwa kilichokuwa mbali kikabaki wazi.

MIFANO YA KWELI

Mkoa wetu wa Tanga una mfano wake. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, Uingereza, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni dhidi ya Sam Eggington, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2017, akiwa nyumbani kwake na mbele ya watu wake. Pambano kuu la usiku ule lilikuwa la Amir Khan, na wengi hawakumtazamia Mtanzania. Katika raundi ya pili mwamuzi alilazimika kulisimamisha pambano, na mshindi akawa Mwakinyo. Ujuzi wa mpinzani uliojengwa kwa miaka mingi huhitaji muda wa kumsoma mtu mpya. Asiyejulikana anayeanza mapema hampi muda huo.

Mfano wa pili ni wa uzito wa juu. Tarehe 18 Mei 2024, mjini Riyadh, Saudi Arabia, Oleksandr Usyk wa Ukraine alikutana na Tyson Fury wa Uingereza. Fury ana urefu wa mita 2.06, Usyk mita 1.91. Siku ya kupimwa, Fury alikuwa na kilo 118.8 na Usyk kilo 101.4, tofauti ni zaidi ya kilo 17, karibu na uzito wa dumu la maji la lita 20. Fury hakuwa mkubwa tu, bali pia fundi mwenye kuzuga na kukwepa. Usyk hakusimama mahali pamoja. Alipiga mwili, alikwenda pembeni, na katika raundi ya tisa alimwyumbisha Fury hadi mwamuzi akahesabu. Alishinda kwa pointi za majaji wawili dhidi ya mmoja. Walirudiana tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, na safari hii majaji wote watatu walimpa Usyk pointi 116 kwa 112.

Mfano wa tatu unahitaji tahadhari. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba na kumwacha George Foreman, mwenye miaka 25 na nguvu za kutisha, apige mikono na mbavu hadi akachoka. Katika raundi ya nane akamwangusha. Ali na Foreman walikaribiana sana kwa urefu, lakini nguvu hazikuwa upande wa Ali, na alishinda kwa hesabu ya nishati. Hata hivyo mwanafunzi asiige njia hiyo. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kwamba Ali alikuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson, na wengi wanaohusika na tiba wanaamini kuwa ngumi nyingi alizopokea maishani zilichangia. Mbinu inayohesabu ngumi unazopokea kama mtaji ni mbinu ghali.

KICHWA NA MIZANI

Ubongo umo ndani ya fuvu ukielea katika majimaji. Ngumi inayopiga kidevu kwa pembeni hukizungusha kichwa juu ya shingo, kama mtu azungushavyo mpini wa jembe kwa kusukuma ncha yake; ubongo, kwa ukaidi wa tungamo lake, hubaki nyuma kidogo, na nyuzi zake huvutwa. Madhara hayo hayaonekani kwa macho kama jeraha la ngozi. Maumivu yangu ya kichwa ya siku tatu yalikuwa dalili ambayo hakuna aliyeitambua, na wiki iliyofuata nilirudishwa mazoezini. Leo tunajua kwamba kijana mwenye dalili za namna hiyo aondolewe mchezoni siku ile ile, aonwe na daktari, na asirudi ulingoni mpaka aruhusiwe.

Mchezo wenyewe uliligundua tatizo la ukubwa zamani, ndiyo maana una madaraja ya uzito. Titus Simba, aliyeiletea Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh, alishindana katika uzito wa kati, na watu wa uzito wake. Yote niliyoyaeleza hapo juu yanamhusu bondia anayekutana na mrefu, mwenye nguvu au mwenye ujuzi zaidi ndani ya daraja lake, au watu wazima wa uzito wa juu ambao daraja lao halina kikomo. Hayampi mtu yeyote ruhusa ya kumweka mtoto wa kilo 50 mbele ya kijana wa kilo 65 na kumwambia atumie akili. Fizikia humsaidia mdogo; haimkingi.

Siku ile ya Korogwe, hatua zisizozidi hamsini kutoka ulingoni, kulikuwa na ghala, na ndani ya ghala kulikuwa na mizani ya kupimia magunia ya mahindi. Hakuna aliyefikiri kutupima. Mwalimu anayetaka kuwafundisha vijana wake ngumi aanze na mizani hiyo, kisha rula, kisha ndipo glavu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Bondia wawili wana mikono ya sentimeta 74 na 68. Chora kanda tatu kwa vipimo sahihi. Kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, ukanda wa kati utavukwa kwa muda gani?

2. Katika zoezi la rula mbili, je, wastani wako uliongezeka kwa kiasi gani? Katika muda huo wa nyongeza, mtu mwenye mwendo wa mita 2 kwa sekunde angesogea sentimeta ngapi?

3. Ngumi ya mita 7 kwa sekunde inakutana na kichwa kinachokuja kwa mita 1 kwa sekunde, kisha na kichwa kinachorudi kwa mita 1 kwa sekunde. Linganisha nishati za migongano hiyo miwili.

4. Eleza kwa nini kofia ya kujikinga inaweza kupunguza majeraha ya ngozi, lakini haiwezi kuzuia kabisa kuzunguka kwa kichwa.